Kichwa cha Samatta, Goti la Wanyama

Tarehe 1 Machi 2020, dakika ya 41 ya fainali ya Kombe la Carabao pale Wembley, Aston Villa walikuwa wameshachapwa mabao mawili na Manchester City. Beki John Stones akateleza, Anwar El Ghazi akapata nafasi ya kumimina krosi, na Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, akajitupa mbele na kuuzamisha mpira wavuni kwa kichwa. Villa walipoteza 2-1. Huku kwetu matokeo hayo wengi wameshayasahau, bao hawajalisahau.

Inafaa kulitazama tena taratibu. Krosi ya namna ile haimpi straika muda wa kuusoma mpira ukiwa hewani. Akingoja aone unakotua, beki wa City ameshafika. Lazima aanze kuondoka kwa kubashiri, kwa kumtazama mpigaji anavyoupanga mguu wake. Na ili aondoke kwa kasi hiyo, anahitaji miguu ambayo bado ina uhai baada ya dakika arobaini za kuifukuza timu isiyotoa mpira. Zaidi ya hayo, anahitaji kuwa macho. Straika anayecheza dhidi ya City anaweza kukaa robo saa nzima bila kugusa mpira, kisha akadaiwa bao kwa nafasi moja ya sekunde mbili. Miezi minne kabla ya hapo, tarehe 5 Novemba 2019, Samatta akiwa na Genk ya Ubelgiji alikuwa amewafunga Liverpool pale Anfield, tena kwa kichwa, kutokana na kona. Kwa kimo si mtu wa kutisha akisimama kando ya mabeki wa kati wa Uingereza.

Vijiweni tuna majibu mawili ya haraka mchezaji wetu anapokwama nje: hana mwili, au ana roho nyepesi. Majibu haya huchukuliwa kama masanduku mawili, kila tatizo likitupwa kwenye mojawapo. Mimi naona yote mawili ni majibu ya uvivu. Mwili na akili ya mchezaji wa kulipwa hujengwa pamoja, kwa chakula kilekile, usingizi uleule na mazoezi yaleyale, katika miaka kumi au kumi na mitano ambayo shabiki haioni. Na vikibomoka, kwa kawaida kimoja hukivuta kingine.

Tuanze na miguu. Mchezaji wa ndani wa ligi kubwa hufunika kati ya kilomita 10 na 12 kwa mechi, na viungo wengine hupita hapo. Takwimu hii hupotosha watu. Kama ingekuwa habari ya kilomita tu, Iten na Eldoret, miji ya wakimbiaji Kenya, wangejaza Ligi Kuu ya Uingereza kwa vijana wao. Sehemu kubwa ya umbali huo ni kutembea na kukimbia pole. Mbio za kasi kamili hazifiki hata sehemu moja ya kumi, kila moja ni ya sekunde chache, lakini ndizo zinazozaa mabao na kuyazuia. Kwa hiyo makocha wa viungo hawatafuti mtu mwenye pumzi ya marathoni. Wanatafuta anayeweza kuchomoka, apumzike kidogo, achomoke tena, na mchomoko wa thelathini usiwe tofauti sana na wa tatu. Ndiyo maana ya lile jaribio la Yo-Yo alilolibuni Mdenmaki Jens Bangsbo: mita 20 kwenda, 20 kurudi, sekunde kumi za kuvuta pumzi, halafu mlio unaofuata unakuja mapema zaidi, mpaka mtu ashindwe kuufikia. Kipindi cha pili akiba ya sukari ndani ya misuli inaanza kukauka, na robo saa ya mwisho ndiyo yenye mabao mengi kuliko nyingine yoyote.

Uchovu haubaki miguuni, na hapa mpaka kati ya mwili na akili unaanza kufutika. Watafiti wamewahi kuwakalisha wachezaji kwa nusu saa wakiwapa zoezi la kuchosha akili tu, bila kuinuka kitini, kisha wakawapeleka kwenye jaribio hilohilo la Yo-Yo na kwenye mazoezi ya pasi na mashuti. Walikimbia umbali mfupi kuliko kawaida, na pasi zao zikaharibika, ingawa misuli yao haikuwa imeguswa. Sasa mfikirie mchezaji wa ligi yoyote ya ukanda wetu ambaye hajalipwa miezi mitatu, mwenye nyumba anamgongea mlango, na usiku wa kuamkia mechi ameusoma ukurasa mzima wa matusi kwenye simu. Huyo ameingia uwanjani amekwisha kukimbia. Jioni tutasema hana stamina.

Mwili wenyewe huanza kujengwa mapema kuliko tunavyopenda kukiri. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Hali imekuwa ikipungua, na hilo ni jambo jema, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Udumavu hauchukui kimo peke yake. Unagusa pia ukuaji wa ubongo. Mtoto huyo atakuja kucheza chandimu vizuri tu, atakuwa na chenga za kuwaliza wakubwa, na akifika miaka 17 mtu kutoka akademi ya nje atamtazama mara moja na kuandika kwamba ni mdogo. Watu wa mpira huzungumza juu ya vipaji kana kwamba vinaanzia miaka 14. Sehemu ya kazi imeshafanyika, au imeshaharibika, kliniki ya watoto na kwenye sufuria ya uji.

Chandimu yenyewe naitetea. Kucheza peku kwenye uwanja wenye mawe na mashimo, mpira wa makaratasi na kamba, watu ishirini kwenye eneo la watu sita, kunamfundisha mtoto kugusa mpira haraka na kuona mguu wa mwenzake kabla haujafika. Hakuna koni za plastiki zinazofundisha hivyo. Kasoro iko baadaye, kati ya miaka 12 na 18, wakati mtoto wa Ubelgiji anapata mechi ya ushindani kila wiki, daktari na mlo uliopangwa, na wa kwetu anasubiri bonanza. Pengo hilo ndilo lililozaa ugonjwa wa kupunguza umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, wakiwa wameshafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, waliondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Tunalichukulia jambo hili kama suala la nidhamu na vyeti. Mimi naliona kama la mwili na akili kwa pamoja: kijana wa miaka 20 anayecheza na wa 16 anashinda kwa kifua, hajifunzi kufikiri, na siku anapokutana na wenye vifua kama chake hana silaha nyingine. Halafu mwili wake unaanza kuchoka wakati karatasi zinasema ndiyo kwanza anachanua.

Samatta hakutoka Mbagala akatua Ulaya. Alipita African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011, baada ya kuwasumbua TP Mazembe ya Kongo katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe hao hao wakamchukua. Akakaa Lubumbashi hadi Januari 2016. Miaka hiyo mitano huwa haizungumzwi sana, kwa sababu haina mvuto wa Wembley, nami naiona ndiyo kiini cha habari yake yote. Klabu hiyo ya Moïse Katumbi ilikuwa na fedha, uwanja wake wa Kamalondo, mechi ngumu za Afrika kila msimu na chumba cha kubadilishia nguo kilichojaa watu waliokwisha kushinda. Kijana wa miaka 18 alikwenda mahali ambapo lugha ya mtaani ni Kiswahili, ingawa si cha Dar, ugali upo, na jua halimtishi mtu. Mwili ukapata muda wa kukomaa bila akili kupigwa na kila kitu kigeni kwa siku moja. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa, Samatta akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na Januari iliyofuata akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alipofika Genk tayari alikuwa mtu mzima kimpira. Linganisha na vijana wanaopelekwa majaribio Ulaya ya mashariki mwezi Januari, kwa wiki mbili, na wakala wasiyemjua vizuri, koti la kuazima, na uwanja ulioganda.

Mtanzania mwingine alikuwa naye kwenye kikosi kilekile cha Mazembe, Thomas Ulimwengu. Medali ile ile ya 2015. Lakini majeraha yalimkwamisha baada ya kuondoka Lubumbashi, na njia zao zikaachana. Simwoni kama mfano wa udhaifu wowote. Ni ukumbusho kwamba katika kazi hii bahati nayo ina kiti chake mezani, hata kama wahamasishaji hawapendi kuitaja.

Hili linanileta kwa Victor Wanyama. Huyu Mkenya alikuwa na mwili ambao mtu angeuchora kama angeombwa kuchora kiungo mkabaji. Novemba 2012 aliwafunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2-1 mjini Glasgow. Akaenda Southampton, kisha Tottenham, na msimu wa 2016/17 alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi katika timu iliyomaliza nafasi ya pili. Agosti 2017 goti likaanza. Alirudi Januari, na tarehe 4 Februari 2018, akitokea benchi pale Anfield, akaudaka kwa mguu mpira wa krosi uliopanguliwa na kipa wa Liverpool, Loris Karius, akaufyatua kutoka mbali ukajaa wavu wa juu. Ukiliona shuti lile utasema huyu mtu amepona. Hakuwa amepona, walau si kwa kiwango cha kukimbia kila siku tatu. Mechi zikapungua msimu hadi msimu, mpaka alipoondoka kwenda Montreal mwaka 2020. Roho yake ilikuwa ileile, na hakuna aliyewahi kumshuku kwa ulegevu. Kiungo mkabaji anaishi kwa kugeuka ghafla, na goti lisiloaminika linamfanya afikirie kabla ya kugeuka. Kufikiria huko, hata kwa nusu sekunde, ndiko kunakompa mpinzani nafasi. Jeraha la goti huhamia kichwani hata pale madaktari wanapoandika kwamba mchezaji yuko tayari.

Kuna majeraha ambayo hayazuiliki, na kuna mengine ambayo ni uzembe wa kazi. Utafiti wa majeraha unaofanywa na UEFA katika klabu kubwa tangu mwaka 2001 unaonyesha kwamba nyama za nyuma ya paja ndizo zinazoongoza, na sehemu yake katika majeraha yote imepanda kutoka asilimia 12 hadi 24 ndani ya miaka ishirini, kwa sababu mpira umekuwa wa kasi zaidi na mechi zimeongezeka. Kinga mojawapo haihitaji mashine. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu kwa nyuma, naye anajishusha mbele polepole, mgongo ukiwa umenyooka, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka anaposhindwa na kujidaka kwa viganja. Wakilifanya mara kwa mara, majeraha hayo hupungua kwa karibu nusu. Zoezi linauma, halina mpira, halipigiwi makofi, na matokeo yake ni jambo ambalo halikutokea. Nani atalifanya kila wiki kwa miaka kumi? Hapo ndipo utakapojua nani ana akili ya mchezaji wa kulipwa, kuliko kumtazama anavyopiga kifua mbele ya kamera.

Kwa wanawake hesabu ni kali zaidi. Kano la mbele ndani ya goti hukatika kwao mara mbili au zaidi ya inavyotokea kwa wanaume, na kwa miaka mingi wamechezea viatu vilivyotengenezwa kwa umbo la mguu wa mwanaume. Aisha Masaka ametoka Tanzania hadi BK Häcken ya Sweden, akacheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake, kisha akasajiliwa na Brighton mwaka 2024. Anayetaka kumwandaa Masaka mwingine asianze na hamasa, aanze na magoti.

Upande wa akili, watu wengi wakiusikia hufikiria ari, hotuba za vyumbani na kocha anayepiga meza. Sehemu kubwa ni kuona. Mtafiti Mnorwe Geir Jordet alikaa akiwahesabu viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza ni mara ngapi wanageuza shingo kuangalia nyuma yao kabla ya kupokea mpira, na akakuta wanaotazama zaidi ndio wanaofikisha pasi zaidi. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa walioongoza. Ukimtazama Lampard kwenye televisheni hukuona hilo, kwa sababu kamera inaufuata mpira. Mashabiki wetu wa zamani, hata hivyo, walilijua jambo hili bila utafiti. Sunday Manara, aliyekwenda Uholanzi kuichezea Heracles miaka ya 1970, walimwita Kompyuta, enzi ambazo kompyuta zenyewe nchini zilikuwa za kuhesabika. Hawakumsifu kwa mapafu.

Uwezo huo wa kuona unafundishika, na uchovu unaudhoofisha: shingo ya mchezaji aliyechoka huacha kugeuka kabla miguu yake haijaacha kukimbia.

Penalti ni habari nyingine, na hapa data ni ya kushangaza. Jordet huyohuyo na wenzake waliangalia mikwaju ya kuamua mechi kwenye mashindano makubwa. Mpigaji ambaye bao lake linaipa timu ushindi papo hapo hufunga zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Mpigaji ambaye akikosa timu imetoka hufunga kama mara sita tu. Mpira ni uleule, nukta ni ileile ya mita 11, mguu ni uleule uliofunga mazoezini jana. Wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia, ili jambo liishe, hukosa zaidi. Sisi tunaijua ladha hii kwa pande zote mbili. Mwaka 2003 Simba, Juma Kaseja akiwa golini, waliwatoa Zamalek mabingwa watetezi kwa mikwaju kule Cairo. Mwaka 2023 Simba hao wakatolewa na Wydad Casablanca kwa njia hiyo hiyo, na mwaka uliofuata Yanga wakatolewa na Mamelodi Sundowns baada ya sare mbili tasa.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Libreville, 12 Februari 2012, fainali ya Afrika, Zambia dhidi ya Ivory Coast ya Didier Drogba. Baharini karibu na mji huo ndiko ilikoanguka ndege ya timu ya taifa ya Zambia mwaka 1993, na wachezaji wa kocha Hervé Renard walikwenda ufukweni kuweka maua kabla ya fainali. Mikwaju ilipoanza, waliosimama katikati ya uwanja waliimba. Walikuwa wameshikana mabega na kuimba, kila mmoja akienda kupiga na sauti za wenzake mgongoni. Rainford Kalaba alikosa mkwaju ambao ungeweza kuwapa Zambia kombe. Gervinho wa Ivory Coast naye akakosa. Mkwaju wa ushindi ukapigwa na Stoppila Sunzu, 8-7. Kalaba na Sunzu wote walikuwa wachezaji wa Mazembe, na waliporudi Lubumbashi walifanya mazoezi na Samatta. Akili ya ushindi huambukizwa hivyo, kwa kukaa chumba kimoja na watu ambao wamekosa penalti kwenye fainali ya Afrika na bado wakabeba kombe.

Siwezi kuandika juu ya akili katika soka letu nikaruka ndumba. Bodi ya Ligi imewahi kuzitoza faini timu zetu kwa kukataa kutumia vyumba vya kubadilishia nguo au kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, na kila mtu anajua sababu. Sitaki kucheka, maana ibada ndogo ndogo wanazo wote: kuvaa njumu ya kushoto kwanza, kugusa nyasi, kuomba dua. Utulivu huo una faida halisi. Tofauti ni nani ameshika usukani. Mchezaji anayepumua mara tatu kabla ya penalti ana kitu anachokimiliki mwenyewe, popote alipo. Aliyeambiwa kwamba ushindi umezikwa chini ya nguzo ya goli hana la kufanya siku timu inapocheza Pretoria.

Lakini mechi ni dakika 90 kwa wiki, na wengi hushindwa katika saa zinazobaki. Kijana amesajiliwa nje. Mwezi wa kwanza ni picha na jezi. Wa tatu anasugua benchi, jua linazama saa kumi jioni, kocha anatoa maelekezo kwa lugha ambayo anashika neno moja kati ya matano. Simu ya nyumbani ikilia si salamu: kuna ada ya mdogo wake, bati za mjomba, msiba, na rafiki wa utotoni aliyekuja na mizinga yake. Kila mtu amepiga hesabu ya mshahara wake kwa shilingi, hakuna aliyepiga hesabu ya kodi na pango la huko. Kukataa ni aibu, kukubali ni kufilisika, na usingizi unapotea katikati. Usingizi ndio unaokarabati misuli. Kwa hiyo lile jambo linaloitwa tatizo la kifamilia linaonekana baada ya wiki sita kama nyama za paja zilizochanika. Wachezaji wetu wengi ni Waislamu pia, na Ramadhani huko inahitaji klabu inayoelewa, mtaalamu wa lishe anayepanga daku na futari, na kwa mechi za usiku mwamuzi anayesimamisha mchezo kwa dakika moja ili mtu afuturu, kama inavyofanyika siku hizi Uingereza. Mahali pasipo na uelewa huo, kijana hujificha, na kujificha nako kunachosha.

Michael Olunga ni somo zuri la kusafiri bila kujipoteza. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, fani ya uhandisi, huku akifunga mabao Gor Mahia. Akapita Sweden, China, na Januari 2018 akafunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Hispania akiwa Girona, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Mwingine angeng'ang'ania Hispania kwa jina tu. Yeye alikwenda Kashiwa Reysol ya Japani, akashuka nayo na kucheza daraja la pili mwaka 2019, akapanda nayo tena, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 na kuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani. Mtu mwenye kiburi cha kawaida hashuki daraja la pili baada ya kucheza ligi kuu ya Hispania. Nadhani elimu ilimsaidia, si kwa cheti, bali kwa kuwa alijua hata mpira ukikataa yeye bado ni mtu.

Kwetu mchezaji akisema hana raha, ataambiwa ana pepo au ana deko. Andrés Iniesta aliporomoka kiakili mwaka 2009, baada ya majeraha na kifo cha rafiki yake Dani Jarque, na amesimulia hadharani kwamba alihitaji mtaalamu wa saikolojia ili aweze kucheza. Julai 2010, Johannesburg, dakika ya 116, akafunga bao la ubingwa wa dunia, na fulana ya ndani ilikuwa na jina la Jarque. Klabu yake ilimchukua kama mgonjwa anayetibiwa, kama angevunjika kifundo. Ingekuwa kwenye ligi ya kwetu, baada ya mechi mbili mbovu angeshatuhumiwa kuuza mechi ya dabi.

Na bado, mwili na akili vikiwa sawa, mambo yanaweza kugoma. Samatta alisajiliwa Villa kwa sababu straika wao Wesley alikuwa ameumia goti. Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga Wembley, na wiki moja na nusu baadaye Uingereza ikasimamisha soka kwa sababu ya korona. Ligi iliporudi Juni, viwanja vikiwa vitupu, Villa walikuwa wanapigania kutoshuka na hawakuwa na muda wa kumlisha straika anayeishi kwa krosi. Akamaliza na bao moja katika mechi 14 za ligi, na Septemba akapelekwa Fenerbahçe. Wengi walisema kiwango chake kimefika mwisho. Mwaka 2024 alikuwa bingwa wa Ugiriki na PAOK, na bado nahodha wa Taifa Stars. Kilichombeba ni mwili uliotunzwa mpaka baada ya miaka 30, na kichwa kisichochukulia miezi sita ya Birmingham kama hukumu ya maisha.

Klabu zetu kubwa sasa zina fedha za kuleta washambuliaji kutoka nje, kambi nzuri na ndege za kukodi. Nyuma yao iko ligi iliyobaki, ambako programu ya kupasha misuli moto iliyoandaliwa na FIFA, ya dakika 20 na isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, inaweza kupunguza majeraha kwa theluthi, lakini kocha ana saa moja tu kwenye uwanja unaosubiriwa na timu nyingine mbili, na hizo dakika 20 ndizo za kwanza kukatwa. Mshahara unachelewa, daktari wa timu ni mtu wa kubeba barafu, na mwanasaikolojia hayupo hata kwenye bajeti ya ndoto. Kama ningepewa fedha za kumsajili straika mmoja wa kigeni wa wastani, ningelipa mishahara kwa tarehe kwa msimu mzima, ningemwajiri mtaalamu mmoja wa viungo kwa timu ya vijana, na chenji ningenunua mayai na maziwa kwa watoto wa miaka 13. Kwenye usajili wa dirisha kubwa hakuna atakayenipokea uwanja wa ndege kwa vuvuzela.